Kukopa Harusi: Mkutubi wa Milimani na Barua ya Tanga

   

Nianze na barua moja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipokea barua kutoka Tanga. Hazikuwa nyingi: mbili kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Babu alikuwa manamba katika shamba la mkonge. Wazee mliopo mnajua neno hilo lilikotoka. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akapandishwa lori, na huko aendako namba ikawa ndiyo jina lake. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, iliyofika mpaka wilaya zilizokuwa mbali na kila kitu kama Songea yetu ya siku zile. Bibi hakujua kusoma. Barua ikifika aliifunga kwenye pindo la kanga, akasubiri jioni, akaenda nayo kwa katekista.

Siku moja, mwaka ambao bibi aliutaja kwa mtoto aliyekuwa akimnyonyesha, nami nikikokotoa napata kama 1951, katekista alikuwa ndiyo kwanza ametoka shambani. Alinawa miguu, akakaa kwenye kigoda, akaielekeza karatasi kwenye mwanga uliobaki. Akasoma salamu, na salamu za barua za enzi hizo zilikuwa na mwendo mrefu kama wa Tanga kwenyewe. Akasoma habari za blanketi lililotumwa kwa mtu wa Namtumbo. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili akakohoa. Akakohoa tena. Macho yake yakashuka mstari mmoja, na sauti ikaendelea kutokea hapo. Bibi alikuwa anamtazama macho, wala hakuutazama mdomo. Akajua ameruka.

Hakuuliza. Angeulizaje? Mambo ya mume na mke yamepita kinywani mwa mtu wa tatu, tena mtu wa kanisa, tena mbele ya watoto wa katekista waliosogea kusikiliza. Akaipokea karatasi yake, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akaondoka. Mbele ya safari nitawaambia mstari ule ulisema nini, maana ulikuja kujulikana.

Nimeombwa nizungumze juu ya aina fulani ya riwaya ambayo vijana wengi wa mjini sasa wanaisoma kwenye simu: riwaya ya mapenzi ya kihistoria, ambamo mhusika mkuu ni mkutubi anayesafirisha vitabu milimani. Mwaliko uliponifikia nilicheka kidogo. Nilijiuliza, riwaya ya mkutubi tutaiongelea nini hapa Hanga? Nilipokaa na kufikiri nikaona pengine ni hapa hasa panapofaa.

Mkutubi huyo alikuwapo kweli. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na serikali ya Rais Roosevelt ikawa inaajiri watu kwa kazi za umma: barabara, madaraja, shule. Katika milima ya mashariki ya jimbo la Kentucky, ambako migodi ya makaa ilikuwa imefungwa na nyumba zimetawanyika kwenye mabonde yasiyo na barabara, ikaanzishwa kazi ya kupeleka vitabu kwa farasi. Walioajiriwa wengi walikuwa wanawake, na si wachache kati yao ndio waliokuwa wakilisha nyumba zao. Mshahara ulikuwa dola 28 kwa mwezi. Farasi au nyumbu ilikuwa juu yako mwenyewe (nasema nyumbu wa kufugwa, mtoto wa punda na farasi, msije mkadhani walipanda wale wa Serengeti). Kwa wiki moja mtu aliweza kwenda karibu kilomita 190, akipita mitoni na kwenye barafu. Kazi hiyo ilidumu mpaka 1943, vita ilipokuwa imekwisha kuleta ajira nyingine.

Serikali ililipa mishahara tu. Vitabu havikuwa na fungu. Vilikuwa vya kuchangwa: vitabu vya Jumapili vilivyochakaa, magazeti ya miezi iliyopita, vitabu vya shule vilivyotupwa. Wale akina mama wakawa wanakata kurasa zilizosalimika na kuzibandika katika madaftari makubwa: hapa maelekezo ya kupika, pale ramani ya kushona kwilti, pale hadithi iliyokosa mwanzo. Kadi za kumbukumbu waliziweka kwenye maboksi ya jibini. Kadi za Krismasi za mwaka uliopita waliwagawia wasomaji waweke alama ya ukurasa, ili wasikunje pembe za kurasa. Na kwa kuwa watu wa milimani hawakumwamini mgeni, mkutubi akifika nyumba mpya alianza kwa kuwasomea Biblia kwa sauti. Biblia waliijua. Aliyeweza kuisoma hakuwa mtu wa hatari.

Waandishi wa mapenzi waliiona hazina hiyo. Mwaka 2019 pekee zilitoka riwaya mbili juu ya wakutubi hao, ya Jojo Moyes wa Uingereza, *The Giver of Stars*, na ya Kim Michele Richardson, mwenyeji wa Kentucky, *The Book Woman of Troublesome Creek*. Sitawasimulia, kila mmoja atasoma mwenyewe. Ninalotaka kuligusa ni kwa nini kazi hii inamfaa sana mtunzi wa mapenzi.

Fikirini kijiji cha milimani. Ni nani anayeweza kupiga hodi katika kila nyumba bila watu kuuliza amefuata nini? Mjumbe wa nyumba kumi, lakini yeye anadai mchango. Bwana shamba, lakini yeye anakagua. Katekista. Mganga. Karani wa sensa, mara moja kwa miaka kumi. Wengine wote, wakionekana mara mbili kwenye uwanja wa mwenye binti, maneno yameanza. Mkutubi ana sababu ya kuja. Na kinachomtofautisha na wote hao, ana sababu ya kurudi, kwa maana alichoacha si chako. Hajakupa. Amekuazima. Wiki mbili zikipita lazima aje, na wewe lazima uwepo. Kama kuna kazi nyingine inayowakutanisha watu wawili kwa tarehe iliyoandikwa, bila aibu na bila mshenga, mimi siijui.

Kwa hiyo ukizichunguza riwaya hizi, moyo wake hauko pale kitabu kinapofika. Watunzi wabovu ndio wanaokaa hapo: macho ya watoto yanang'aa, mama anakumbatia kitabu, machozi. Moyo wake uko kwenye kurudisha.

Mfano wa karibu nasi unathibitisha. Mwaka 1996 Shirika la Maktaba la Taifa la Kenya lilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, likianza na ngamia watatu. Mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kukaa wasomaji, na msafara unaifuata jamii ya wafugaji ambayo maktaba ya matofali isingeipata kamwe, maana yenyewe haikai mahali pamoja. Mwandishi wa Kimarekani, Masha Hamilton, akaichukua habari hiyo akatunga riwaya, *The Camel Bookmobile*, iliyotoka 2007. Kijiji chake ni cha kubuni, Mididima. Mkutubi ni Fiona kutoka New York, na mapenzi yanamkuta kwa Matani, mwalimu wa kijiji, ambaye ana mke. Lakini hadithi yote inazunguka jambo moja dogo: kijana mmoja, aliyeraruliwa uso na fisi utotoni, hajarudisha vitabu. Sharti ni kali: vitabu visiporudi, ngamia hawaji tena. Kijiji kizima kinamgeukia kijana, wengine kwa sababu wanavitaka vitabu, wengine kwa sababu wamepata kisingizio cha kuvikataa. Anavyovifanyia vitabu vile ndani ya nyumba yake, someni wenyewe.

Nina ugomvi na riwaya hiyo, na nitausema. Maktaba ya kweli ya Garissa inaendeshwa na watumishi wa Kenya: mkutubi wa serikali aliyesomea kazi yake, na wachunga ngamia wanaolijua kila bonde. Kuna haja gani ya kumtoa mtu New York ili mapenzi yawepo? Je, mkutubi wa Garissa hana moyo? Najua jibu la sokoni: msomaji wa New York anataka kujiona. Haya. Lakini basi na sisi tuna haki ya kutaka kujiona, na hakuna atakayetuandikia.

Hata hivyo Hamilton alishika penyewe alipoweka fundo lake kwenye kitabu kisichorudi. Alberto Manguel, mwandishi mzaliwa wa Argentina anayejulikana kwa vitabu vyake juu ya usomaji, amesimulia habari ya vitabu vilivyokuwa vikipelekwa kwa punda katika vijiji vya milimani vya Kolombia. Vingi ni vya kilimo, ushonaji, uchujaji wa maji, na vichache vya fasihi. Vyote vilirudi, isipokuwa kimoja ambacho wanakijiji walikikatalia: *Iliadi* ya Homeri, kwa Kihispania. Walipoulizwa wakasema hadithi ile ni yao wenyewe, nchi iliyochanwa na vita ambamo miungu wendawazimu wanachanganya hatima za watu wasiojua wanapigania nini wala watakufa lini. Wakaachiwa.

Wahenga wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Wanafunzi mmezoea kuitumia methali hii kwa deni la pesa. Isikilizeni tena kwa sikio la mtunga riwaya, maana ndani yake kuna harusi na kuna msiba, na kati yake kuna safari ya kurudisha.

Hapa Hanga, kwa mabruda wa Kibenedikto, jambo la kuazima kitabu lina ukoo mrefu kuliko Kentucky. Mabruda watanisahihisha nikikosea. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inasema katika sura ya 48 kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mmonaki apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Sura ya 33 ni kali zaidi: mmonaki asiwe na kitu chake mwenyewe, hata kitabu, hata ubao, hata kalamu. Kwa hiyo kila kitabu kilichomo mkononi mwa mmonaki ni cha kuazima. Katika karne ya 11 askofu mkuu Lanfranc wa Canterbury, naye Mbenedikto, akaweka utaratibu wa siku ya kurudisha. Vitabu vinatandazwa kwenye zulia, mtunza vitabu anasoma orodha, na kila aitwaye jina anakiweka chini kitabu alichopewa mwaka jana. Ambaye hakukisoma anajitupa kifudifudi, anaungama, anaomba msamaha. Nikiisoma habari hiyo huwa namfikiria mmonaki mmoja tu, yule aliyekisoma chote, akakipenda, na sasa jina lake limeitwa.

Huku kwetu Wabenedikto walifika Peramiho 1898. Miaka saba baadaye moto wa vita vya Majimaji ukaipitia misheni hiyo, na Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa mwanzilishi wake, aliuawa mwaka huohuo wa 1905 akiwa safarini kusini. Yaliyofuata Songea, wengi mna kaburi la babu la kuyaeleza. Baada ya vita na njaa yake ndipo zilipoenea shule, na baadaye kikaja kiwanda cha uchapaji cha Peramiho, ambacho vitabu vyake vya sala na vya hesabu vilikuwa katika nyumba nyingi za Ungoni na Umatengo zisizokuwa na kitabu kingine chochote. Katekista aliyeikohoa barua ya bibi yangu alikuwa tunda la kazi hiyo. Alisoma vizuri, tena kwa sauti nzuri. Tatizo ni kwamba alisoma peke yake.

Sasa je, sisi tulikuwa na mkutubi wa milimani? Tulikuwa naye, ila hakupanda farasi.

Mwaka 1948 Ofisi ya Maandiko ya Afrika Mashariki ilianza kazi, na pamoja na kuchapisha ikawa inatuma masanduku ya vitabu vya kuazima mikoani na kuwapelekea wasomaji wengine kwa posta. Baada ya uhuru, sheria ya 1963 ikaunda Huduma za Maktaba za Tanganyika, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Lakini takriban theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma. Maktaba ya nini? Mwalimu akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hapo likaanza jambo ambalo ninyi wanafunzi mnalisoma katika historia kama aya moja, nasi tulilala nalo na kuamka nalo: kisomo. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Mtu anaweza kubishana na takwimu. Mimi sibishani, maana nilishika koroboi.

Nilikuwa darasa la nne. Darasa la kisomo lilikuwa chini ya mwembe wakati wa kiangazi, na mvua zikianza lilihamia stoo ya tumbaku ya chama cha ushirika. Kina mama walikuja saa kumi baada ya shamba, wengine na watoto mgongoni, na giza likiingia kazi yetu sisi watoto ilikuwa kushika koroboi karibu na ubao. Kila ukiangalia ubaoni unaona moshi kwanza, herufi baadaye. Stoo ilinuka tumbaku iliyokaushwa kwa moto, harufu ambayo mpaka leo nikiipata mahali naona herufi *a*. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Posho yake ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Yeye na yule mwanamke wa Kentucky mwenye dola zake 28 wangeelewana haraka sana.

Wiki ya pili ya mwezi alikuja kijana mwingine, wa elimu ya watu wazima kutoka tarafani, na baiskeli ya Phoenix. Nyuma kwenye keria alifunga kwa mpira wa tairi sanduku la mbao lenye bawaba mbili. Watoto tuliliita jeneza. Ndani mlikuwa na vijitabu: cha kulima tumbaku, cha lishe, kile cha Mtu ni Afya cha 1973, magazeti yaliyochelewa, na vitabu vinne au vitano vya hadithi ambavyo vilikuwa havishiki vumbi. Juu ya vyote lililala daftari la mistari, limepigwa mistari ya wima kwa rula: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi.

Lile neno la mwisho ndilo lililobadilisha kijiji. Waliojua tu kuchovya kidole kwenye wino, kama walivyofanya baba zao kwenye karatasi za SILABU, sasa walitakiwa waandike. Nilimwona mama mmoja akiandika jina lake kwa muda wa kufuma ungo. Aliuma ulimi. Alipomaliza aliitazama sahihi ile, akaitazama tena, kisha akamgeuzia daftari kijana wa baiskeli kama anayempa mtoto mchanga amshike. Mwaka mzima watu waliazima vijitabu vya tumbaku, watu ambao tumbaku waliijua kuliko aliyeandika kitabu. Walikuwa wanaazima nafasi ya kusaini.

Je, kijana wa baiskeli alimpenda nani? Mnataka kujua, najua. Kijiji nacho kilitaka kujua, na kilimpangia wachumba watatu. Mimi sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba kuna nyumba moja alikofikia kila mara mvua ikimkamata, na mvua ilimkamata mara nyingi kuliko ilivyonyesha.

Sasa wewe unayetaka kuiandika riwaya hii, mpandishe kijana huyo Umatengo. Huku kwetu Hanga baiskeli inateleza. Kule Mbinga mlima unasimama mbele yako kama ukuta, umechimbwa ngoro kutoka chini mpaka juu, vishimo vya mraba vilivyopangana kama sega la nyuki, ili mvua ijae humo isiondoke na udongo. Baiskeli itabidi aibebe begani, na sanduku kichwani. Atapita kwenye matuta ya ngoro akitazama asimkanyagie mtu maharage, kwa kuwa wanaochimba ngoro na kupanda ni wanawake, na mwanamke aliyeinama akapandisha uso kumwangalia nani anakanyaga kazi yake, hapo sura ya kwanza imeanza. Lakini ujue historia yako. Umatengo ulipata kahawa mapema, kwa hiyo wanaume wake hawakumiminika Tanga kama wa Ungoni. Anayesubiri barua ya mkonge muweke upande huu wa milima ya Matogoro. Ukimweka Mbinga, mzee mmoja atafunga kitabu chako ukurasa wa kumi.

Naona mkono wa kijana pale: kwa nini mapenzi, kwa nini nisiandike tu historia? Ni swali zuri. Historia yetu imeachiwa mistari michache sana kuhusu watu waliopendana. Chukueni Mkomanile, mama aliyetawala Kitanda, huko Namtumbo. Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Majimaji hapo Songea, Februari 1906, zaidi ya watu 60, yeye alikuwamo, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Jina lake mtalikuta Makumbusho ya Majimaji. Alimpenda nani? Ni nani aliyebaki usiku ule wa 27 Februari akiwa na nguo yake mkononi? Karani wa Kijerumani hakuwa na safu ya jambo hilo katika daftari lake. Hapo ndipo riwaya inaporuhusiwa kuingia, kwa hodi.

Na msidhani fasihi yetu haijui kazi hiyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Myombekere na Bugonoka: mume na mke wa zama kabla ya ukoloni, wanapendana, hawajapata mtoto, wazazi wa mke wakamchukua binti yao. Myombekere anakwenda ukweni kumrudisha, na sharti analotozwa ni pombe. Ni nani atakayesema hiyo si riwaya ya mapenzi ya kihistoria? Lakini hakupatikana wa kuichapisha kwa Kikerewe. Mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980, miaka 35 baadaye. Kitereza alifariki 1981. Watu huitumia habari hiyo kulaumu wachapishaji, na lawama ipo. Mimi huwa naukumbuka ule muswada ndani ya kabati, Bugonoka ameshachukuliwa na wazazi wake, na mume yuko njiani na pombe yake, miaka 35.

Nimeahidi barua, na mwenyekiti anaangalia saa.

Babu hakurudi. Alikuja mara moja, akakaa miezi minne, mama mdogo wa mwisho akapatikana, akarudi mkongeni, akalowea huko. Hatujui kaburi lake. Barua aliyoruka katekista ilikuwa ya kabla ya ujio huo, na bibi aliiweka kwenye sanduku la bati pamoja na rozari na risiti za kodi. Zaidi ya miaka ishirini aliishi na ule mstari usiosomwa. Alitusimulia sisi wajukuu kuwa babu yenu aliniandikia maneno ambayo katekista aliona haya kuyasoma. Akisema hivyo anafunika mdomo kwa kanga. Tulijua ni maneno gani, au tulidhani, na kila mjukuu alikuwa na yake.

Alihitimu kisomo akiwa bibi wa wajukuu tisa. Jioni moja akaniambia nilete koroboi. Akafungua sanduku la bati. Karatasi ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, akaipanga vipande vinne kwenye mkeka. Akaanza kwa kidole, silabi kwa silabi, salamu zote, blanketi lote, mimi nikitaka kumsaidia naye akinipiga mkono. Akafika ukurasa wa pili. Kidole kikasimama. Kikaenda tena kutoka mwanzo wa mstari.

Babu alikuwa ameandika: barua hii usimpelekee katekista, maana mdomo wake hauna mlango.

Bibi alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka. Alicheka kiasi kwamba mama alitoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha akanyamaza, akakaa sawasawa, akavitazama vile vipande vinne kwa muda. Akavikusanya, akavirudisha kwenye sanduku chini ya rozari, akafunga. Nilikaa na koroboi mkononi nikingoja aseme lolote juu ya babu. Aliniuliza leo ni tarehe ngapi, na yule kijana wa vitabu anarudi lini.